Mgonjwa wa Nne

Baada ya kustaafu ufundi wa redio, nilirekodiwa video na chuo cha udaktari ili wanafunzi wajifunze kwenye kompyuta namna ya kuzungumza na wagonjwa. Nilikuwa Mgonjwa wa Nne, mzee anayepewa habari kwamba ana saratani ya tumbo. Mwanafunzi akinieleza ukweli kwa upole, kwenye skrini nainamisha kichwa na kusema, "Mke wangu asijue." Akizungushazungusha maneno, nanyanyuka na kuondoka, naye anaanza upya.

"Shujaa wa sinema!" mke wangu alinicheka. "Hapa nyumbani mafua tu yanakuliza."

Mwaka uliofuata tumbo likaniuma kweli.

Siku ya majibu ya vipimo hospitalini, mke wangu alibaki kwenye benchi la nje, nami nikaingia. Daktari alikuwa binti wa rika la wajukuu zangu. Aliponiona, kalamu ilimponyoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

Hakuniuliza jina. Alisogeza kiti, akakaa upandeupande, mikono magotini, kama wanavyofundishwa. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kulia nami.

"Basi dawa tunaanza Jumatatu," alisema. "Nywele zitapukutika kidogo. Na mkeo hatutamwambia, kama ulivyotaka."

"Nilitaka lini?"

"Si tulishazungumza, mzee? Uliinamisha kichwa..."

Nje ya mlango nilisikia mke wangu akikohoa.

"Dawa za nini, mwanangu?"

Aligeukia karatasi za majibu, akaanza kuzipanga upya. Nilikuja kulisikia neno lenyewe kutoka kinywani mwa mtu, na huyu alikwisha kulimaliza kwa yule mzee wa kwenye kompyuta.

Nikanyanyuka. Sikuwa nimekusudia. Mkono wa kushoto ulishika kiti, bega likatangulia, vile vile nilivyorekodiwa. Binti aliruka kutoka kitini.

"Usiondoke! Tafadhali. Naanza upya."

Alitoka, akafunga mlango, akabisha hodi.

"Karibu," nilisema.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye daktari wako. Samahani, jina lako nani?"

Nikamtajia.

"Ungependa mkeo awepo?"

"Mwite."

Mke wangu aliketi, akanishika mkono. Binti akasema neno lile, taratibu, machozi yakimlengalenga.

Nikainamisha kichwa. Nilijaribu kukiinamisha kwa namna nyingine, yangu mwenyewe, lakini sikuweza.