Nguzo Iliyovishwa Marumaru

"Hamuigusi!" Mume wangu Hezron alikuwa ameikumbatia nguzo, miguu ameitanua kama golikipa. "Marumaru hizi nimezifuata mwenyewe ng'ambo ya mpaka, Nakonde!"

"Baba Lusungu, toka hapo. Fundi ana kazi."

Fundi Aliko alisimama na nyundo yake, akitazama ukutani. Ugomvi wa wenye nyumba haukumhusu.

Tetemeko la Jumanne lilitikisa ghorofa letu hapa Tunduma sekunde chache tu, lakini nguzo ya katikati, sebuleni chini, ilipasuka kuanzia kiunoni hadi sakafuni. Nikaenda kumtafuta fundi. Kurudi, nakuta nguzo inang'aa. Hezron ameufunika ufa kwa marumaru za kahawia.

"Si imeshatengenezwa?" akasema tena.

"Mtu kavunjika mguu, wewe umemnunulia kiatu."

"Mzee," Aliko akaingilia, "marumaru hazibebi kitu. Tunaitegemeza boriti ya dari kwa miti kwanza, tunabandua, tunaizungushia nguzo nondo mpya na ringi za chuma za kuzifunga, kisha tunamwaga zege. Itanenepa kidogo, ila itasimama hata ardhi ikicheza."

"Inenepe? Sendofu ya kumuaga binti yangu Lusungu ni Jumamosi! Wageni watapigia picha wapi?"

"Wageni hao hao watacheza ukumbi wa juu, na ukumbi umebebwa na nguzo hii," nikasema. "Shangazi zako wa Ileje wakianza kuruka, hata bila tetemeko mimi natetemeka."

Aliko akakohoa ili asicheke.

"Unakuza mambo. Nguzo nzima hii."

"Nzima? Mbona tangu Jumanne unalala na viatu?"

"Miguu inapata baridi."

"Haya. Mama yako anafika kesho kutoka Iyula. Namtandikia chumba cha juu ya nguzo, kando ya ukumbi, ndicho chenye godoro zuri."

Hezron akatazama dari.

"Mama alale kwa mdogo wangu Yesaya."

"Kwa nini?"

"Kule kuna… hewa."

"Kwa hiyo mama yako hapana, ila Lusungu na wenzake waje wacheze hapo juu?"

Mikono yake ikaachia nguzo, mmoja baada ya mwingine.

Sikumpa nafasi ya kufikiri upya. Nilimpigia mwenye maturubai papo hapo: sherehe uani, afunge Ijumaa. Aliko akasimamisha miti minne chini ya boriti, akaigonga hadi ikabana. Hezron akashika mti wa mwisho bila kuambiwa.

Nikachukua patasi mwenyewe, nikaipachika chini ya marumaru ya kwanza, nikagonga.