Herufi Iliyokatazwa Kusimama

Jana niliota mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti changu cha darasa la kwanza, kalamu mkononi. Sikukusudia kulala. Watoto mia moja na wanne walikuwa nje wanakunywa uji, na mimi nilibaki kuandika majina ya wasiojua kusoma, wale watakaorudia darasa mwakani. Mwalimu Mkuu Mgonja alitaka orodha hiyo kabla ya saa sita. Nilikuwa nimeshaandika tisa. Wa kumi alikuwa Msifuni.

Msifuni ana miaka saba na mdomo mzito. Asubuhi hiyo mama yake alikuwa amepanda mlima kuja kuniona, akasimama mlangoni na kanga iliyolowa ukungu, akaniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia siku ya kufunga orodha.

"Mwalimu Nakijwa, huyu nyumbani ananisomea gunia la sukari. Ananisomea mfuko wa saruji. Sasa jina lake mwenyewe linamshindaje?"

Nilimwambia tutaangalia, jibu ambalo mwalimu hulitoa akiwa hana jibu. Ukweli niliujua. Ma, me, mi, mo, mu, Msifuni anazisoma bila kupepesa. Lakini jina lake linaanza na M isiyo na mtu pembeni, naye nimemfundisha mimi, kwa wimbo, kila asubuhi tangu Januari, kwamba konsonanti haiwezi kusimama bila irabu. Kwa hiyo husoma Masifuni. Siku nyingine Musifuni. Wenzake wakicheka, hanyanyui tena kichwa mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Nikaandika M. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Ile M inaanguka kutoka kwenye karatasi, inadunda juu ya meza, inatua sakafuni chali. Ilipokuwa kwenye karatasi ilikuwa herufi kubwa. Chini imekuwa herufi ndogo, nadhani kwa aibu, ingawa ukubwa wake ni wa mbuzi.

Naiambia isimame, tuna kazi.

"Siwezi," inasema. "Sina irabu."

"Una miguu mitatu."

"Miguu si hoja, mwalimu. Wewe ndiye uliyeimba."

Nikaiburuta mpaka koridoni kutafuta msaada. Konsonanti zote zilikuwa zimelala huko, K mguu juu, P kifudifudi, S imejikunja kama paka. Nililazimika kuziruka. Nje ya mlango wa darasa alikaa Msifuni juu ya tofali. Nilimuuliza kwa nini haingii. Mlango ndio ulionijibu. Uliniambia kwamba daftarini kuna mtoto anaitwa Sifuni tu, na Sifuni si mwanafunzi wetu, hiyo ni amri ya kwaya. Huyu jina lake limelala, hapiti mpaka liamke.

"Nani anatoa ruhusa?" nikauliza.

"Mwezeshaji," ukasema mlango, na kujifunga.

Nilijua tu. Nimefundisha miaka kumi na tisa na nimehudhuria semina nne za kufundisha kusoma, kila moja ikifuta iliyotangulia. Vyeti vyote ninavyo, vimefunika ufa wa ukutani nyumbani kwangu. Nikaibeba ile M mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga. Ilikuwa nzito, na mguu mmoja ulinichoma mbavuni njia nzima. Msifuni akashika pindo la kanga akanifuata.

Hatua tatu tu, tukawa ukumbini. Walimu wamejaa kwenye viti vya plastiki, wamelala macho wazi. Mbele limesimama bango kitita, lile rundo la makaratasi makubwa ambalo mwezeshaji huandikia. Safari hii mwezeshaji hayupo. Bango lenyewe ndilo linaloendesha semina, kalamu ya wino limeichomeka nyuma ya sikio. Nilishangaa kidogo kwamba lina sikio, maana semina zote nne halikuwahi kunisikia.

Nikalieleza shida yetu. Herufi hii inaomba kusimama peke yake ili mtoto huyu asome jina lake.

"Swali zuri," linasema bango, na kujifunua ukurasa.

Mwalimu yeyote anajua maana ya swali zuri.

"Silabi zimepitwa na wakati," likasoma kifuani mwake. "Mtoto asivunje neno. Alimeze zima."

Tukawa jikoni kwa shule. Mpishi akamletea Msifuni neno ng'ombe kwenye sahani, zima, na pembe zake. Msifuni ni mtoto mtiifu. Akalimeza. Lilipita vizuri mpaka kile kialama cha juu, kikamkwama kooni, nikampiga mgongoni mpaka kikashuka. Baada ya hapo aliweza kusoma ng'ombe hata kwa mbali, na mpishi akapiga makofi. Nikamwandikia ng'ambo. Akasoma ng'ombe. Nikamwandikia gome, akasoma ng'ombe. Nikamuuliza mimi naitwa nani, akanitazama kwa huruma, akasema ng'ombe.

"Amepiga hatua," likasema bango.

Nikaliambia liendelee na ukurasa unaofuata. Nadhani sauti yangu ilikuwa bado ya heshima.

"Kusoma ni kufurahia," likasoma. "Mtoto aangalie picha, akisie."

Tukawa uwanjani. Mwalimu Mkuu Mgonja alikuwa anapita na daftari la mahudhurio kwapani, koti lake la kahawia na ndevu zake fupi, hana hili wala lile. Bango likamnyooshea kalamu. Msifuni akamwangalia juu mpaka chini, akafikiri, akakisia.

"Beberu," alisema.

Mwalimu Mkuu akasimama, akafungua daftari, akaanza kulila kuanzia mwezi wa kwanza. Alikula kwa utulivu, kama anavyofanya kila kitu. Nilimwomba asiguse mwezi wa tisa, sijaujumlisha. Alinitazama pembeni akaendelea kutafuna.

"Mtoto amejiamini," likasema bango. "Kujiamini ndiyo shabaha."

"Lakini hajasoma," nikasema. "Hakuna alichosoma hapa."

Likajifunua tena, haraka kuliko mwanzo, na tukarudi ukumbini. Ukurasa huu ulisema sauti tu, majina ya herufi marufuku. Nakiri kwamba hapo nilipata matumaini. Hata nikiwa macho niliipenda semina ile kuliko nyingine, ila iliisha siku ya pili kwa sababu ukumbi ulikuwa na harusi. Nikafungua kanga, nikaishusha M mezani.

"Basi itamke hii. Sauti yake tu."

"Mu," likasema bango.

"Umeweka u."

"Me."

"Hiyo e umeitoa wapi?"

Likajaribu tena na tena, likitoka jasho la wino, na kila mara irabu ikachungulia nyuma ya M kama jirani mmbea. Likageuza kurasa. Zilikuwa tupu. Mwisho likanyoosha makaratasi yake, likatangaza kwamba suala hilo litajibiwa kwenye awamu ya pili ya semina, tarehe mtatangaziwa.

Hapo nilichoka. Nilichoka kwa miaka yote kumi na tisa kwa mpigo. Sikupiga kelele. Nililiambia bango linyamaze, kwa sauti ninayoitumia nyumbani maziwa yakimwagika, nalo likajikunja likakaa. Nikageuka kwa Msifuni. Alikuwa amesimama pale pale, ameshika pindo la kanga yangu, miguu imejaa vumbi. Ikanijia kwamba tangu tutoke hakuna aliyemuuliza hali yake.

"Umechoka?" nikamuuliza.

Hakufungua mdomo. "Mm," akasema.

Pale mezani M inatikisika.

Namwangalia mtoto. Naiangalia herufi. Nauliza taratibu, kama mtu anayemkaribia kuku anayetaka kumkamata.

"Una njaa?"

"Mm."

Inatoa mguu mmoja. Inatoa wa pili.

"Unataka kurudi darasani?"

"Mm," anasema Msifuni, na M inasimama. Inasimama yenyewe, haijashikwa na mtu, haina irabu kulia wala kushoto.

"Nani alikufundisha sauti hiyo?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nyumbani tunasema hivyo."

"Mnaniita kutwa," ikasema M, inajipangusa vumbi. "Mnaniita hata mkiwa na makande mdomoni."

Ikashuka mezani, ikatoka mlangoni kwa miguu yake, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nikaamshwa na kengele. Shavu langu lilikuwa juu ya orodha, na watoto wanaingia na masharubu ya uji. Nikamwita Msifuni mbele kabla darasa halijatulia. Nikaandika m ubaoni, moja tu, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ameshiba uji.

"Mm," akasema.

"Sauti hiyo ndiyo hii. Sasa ongeza zilizobaki."

Akaiangalia muda mrefu. Nilianza kuona haya, mtu mzima na cheo chake, naamini ndoto. Nikamwandikia zilizobaki. Alifunga midomo, akaguna, akaifungua.

"M... si... fu... ni."

Hakuna aliyecheka. Alisoma tena, safari hii bila kukatakata, halafu akarudi kwenye dawati lake. Baadaye nikamwona anaandika mtoto, mti, mkate, anaguna kila mwanzo.

Ile M ya mstari wa kumi nikaikata. Kisha nikayatazama majina tisa ya juu. Kwa kila moja nilijiuliza ni mtoto aliyeshindwa kusoma, au ni mtoto aliyenisikiliza sana. Sikuwa na uhakika hata na mmoja.

Nikaenda ofisini kumwambia Mwalimu Mkuu kwamba orodha haijawa tayari, nahitaji wiki mbili nikae nao mmoja mmoja. Nilijiandaa kwa ubishi. Alikubali upesi, alionekana ana lake linalomsumbua. Alikuwa kwenye kiti chake, koti la kahawia, anachokoa meno kwa njiti ya kiberiti. Akasema tangu saa nne ana kitu kimemkwama na wala hajala.

Kikatoka. Akakiweka kwenye kiganja, tukakitazama wote wawili. Kilikuwa kipande cha karatasi yenye mistari ya bluu, na juu yake nusu ya alama ya vema, kwa wino wangu mwekundu.