Kopo la Kanali

Baudouin alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mashairi, ambayo alijifundisha kutunga mwenyewe, na farasi. Mashairi hayakuombwa na mtu. Farasi, walau, watu walitoka nje kumtazama, kwa sababu mtu aliweza kuishi Bunia mwaka mzima asione mwingine. Aliachwa na mzungu mmoja wa shirika la misaada aliyeondoka kwa haraka, na Baudouin, aliyekuwa akimkatia majani, akabaki naye. Akamwita Kanali.

Kanali alikuwa na kasoro moja. Pikipiki ikilipua moshi barabarani kwa mlio kama wa bunduki, alitimua mbio, na mtaa wote wa Mudzipela ulimjua kwa hilo. "Kanali wa kweli," majirani walisema. "Akisikia risasi, anatangulia."

Sasa, ng'ombe wa kwao Baudouin waliisha karibu wote wakati wa vita, na mahari ya Débora, mchumba wake, ilikuwa haijatimia. Baba yake Débora, mzee Léon, alikubali kumpokea farasi badala ya ng'ombe waliopungua, kwa sharti lake.

"Vita ilinikimbiza ya kutosha," alisema. "Sitaki tena nyama yenye kukimbia hapa kwangu. Mumulete tumuone. Akitulia, mutoto ni wenu. Asipotulia, tutangojea ng'ombe."

Kungojea ng'ombe wazaliane kulimaanisha kumwoa Débora akiwa na mvi, kama hangekuwa ameshaolewa na mwingine.

Christella, dada mkubwa wa Baudouin, alikuwa amesomea mifugo. Alimpapasa Kanali shingo na mbavu, akasema huenda majani ya kiangazi hayampi madini ya magnesiamu ya kutosha, na mnyama aliyepungukiwa nayo hushtuka ovyo. Akaleta kopo la unga mweupe.

"Kijiko kimoja mu pumba, kila asubuhi. Kidogo kidogo. Na haiko dawa ya uchawi, Baudouin. Pengine itamusaidia, pengine ni roho yake tu."

"Yaya, mimi nilikomaa katikati ya ng'ombe."

"Njo maana ninakuambia polepole."

Baudouin aliliweka kopo juu ya kabati, akarudi kwenye kazi yake kubwa: shairi la kusoma mbele ya wakwe, akiwa juu ya farasi. Kazi ilikuwa ngumu. Vina vya Débora vilikuwa vichache. "Bora" alikwisha kuitumia mpaka ikachakaa, na iliyobaki ilikuwa "pora", neno ambalo katika Ituri ya baada ya vita mtu hampelekei mkwe. Alihangaika nalo siku baada ya siku, na kopo likakaa juu ya kabati halijafunguliwa.

Alilikumbuka asubuhi ya kwenda ukweni. Hakuogopa. Kwao kulikuwa na siku ya chumvi: ng'ombe hawapewi chumvi kwa kijiko kama wagonjwa, bali siku ikifika inamwagwa kwenye hori la mbao, kila mmoja analamba mpaka anashiba, basi, hadi siku nyingine. Akamwaga kopo lote kwenye pumba, akatia maji ya miwa kuficha uchungu, na Kanali akala mpaka akalamba ndoo.

Mchana, yeye na jamaa zake walipoanza safari, farasi alitembea kwa upole wa katekista. Baudouin alijiona bingwa.

Kwa mzee Léon wageni walikuwa wamekwisha kukaa kwenye viti vya plastiki. Baudouin hakushuka. Alikunjua karatasi zake, nazo zilikuwa nyingi, akasafisha koo na kuanza. Alikuwa bado anamsifu Kanali, mlima usiotetemeka, wakati pikipiki ilipolipua moshi nyuma ya ua.

Koo zote mbili zililala chini. Wazee waliingia chini ya viti, baba mdogo wa Baudouin, aliyekuwa msemaji wao, alijikuta nyuma ya sufuria ya wali, na Baudouin mwenyewe, kabla hajajua ameshuka vipi, alikuwa kifudifudi vumbini nyuma ya farasi. Kanali peke yake hakukimbia. Alitanua miguu, akainua mkia, akafungua tumbo.

Mahali alipolala Baudouin hapakuwa pazuri.

Watu waliinuka mmoja mmoja wakijipangusa, bila kutazamana, kila mtu kama aliyekuwa ameangusha kitu. Baba mdogo alikuwa wa kwanza kusema, "Muzee, mumejionea. Hakukimbia."

Mzee Léon alikuwa amechuchumaa mbele ya kile kinyesi, akikisoma. Mchungaji wa ng'ombe hahitaji gazeti jingine. "Huyu hakutulia," alisema. "Huyu amekosa nguvu ya kukimbia. Nani amemulisha, na amemulisha nini?"

Baba mdogo alimkazia Baudouin macho: sema majani. Neno moja tu, na Débora angekuwa wake. Lakini Kanali aliguna, mbavu zikabonyea, na Baudouin akaona kwamba akisema majani, hakuna atakayejua namna ya kumponya.

"Ni mimi, baba mukwe. Nilipewa dawa ya kijiko kwa siku. Nimemupatia kopo yote leo asubuhi, sawa siku ya chumvi."

Kati ya wanawake, Christella alijifunika uso kwa kitenge. Débora, ambaye hakutakiwa kusema siku hiyo, alitazama karatasi zilizotapakaa uani.

"Na ile shairi," aliuliza, "nayo uliipatia kopo yote?"

Mzee Léon alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa hukumu. Farasi abaki kwake, apewe maji na majani mpaka tumbo lifunge, na Christella aje kumwangalia. Baadaye, kijiko kila asubuhi, na mwenye kukileta ni Baudouin. "Siku mavi itakuwa muzuri, tutaita ile pikipiki ipite tena. Njo tutaongea ndoa."

Basi kila asubuhi Baudouin hukatiza Mudzipela na kopo kwapani, na wenye pikipiki humwita Dokta. Débora humngojea na ndoo ya pumba. Baudouin huchota kwa mkono wa kishairi, kijiko kikafura kama kilima. Débora hupitisha kidole juu yake, unga uliozidi ukarudi koponi.

"Sasa mupatie," husema.