Baiskeli ya Jefwa

Marehemu mume wangu Jefwa aliacha mashati manne, jembe moja na baiskeli. Mashati na jembe hayakumsumbua mtu. Mwaka ulipotimia, wazee wakaketi nyumbani kwetu Mwakirunge kugawa vitu vyake, kama desturi yetu ilivyo, na macho yote yakawa kwenye baiskeli.

Charo, mdogo wake Jefwa, aliwaambia kuwa hiyo ni ya kiume, mwanamke haimfai. Mimi nilikuwa jikoni, nikatoka na mwiko mkononi. Haimfai? Miaka miwili Jefwa yuko kitandani, nani alikuwa akiiendesha? Alfajiri naiteremsha sokoni Kongowea kwenye lami, inakimbia hata tuktuk nazipita. Narudi na mchicha na nyanya, navitembeza machimboni kwa wavunja mawe. Jumapili nampakia mama mkwe kwenda kanisani, naye ni mzito na hapendi kurushwarushwa. Nikienda kwa dada yangu Likoni, naikokota ferini katikati ya watu na haimkanyagi yeyote. Wakiichukua, mimi na wanangu tutakula nini?

Baba mdogo Kai, mkubwa wa wazee, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaamua Charo aende nayo Kongowea, alete kabichi za chakula cha wazee. Akirudi nayo kabla ya adhuhuri, ni yake.

Charo akajaza upepo mpaka magurudumu ukiyagonga yanalia. Mgala muue na haki yake mpe. Nilimfuata nikamwambia akirudi na mzigo, akifika kwenye vumbi la machimbo, apunguze upepo magurudumu yasizame. Alicheka. Akasema baiskeli alianza kuipanda kabla ya mimi kuolewa.

Adhuhuri ikapita, masufuria yanachemka maji matupu, wazee wanapiga miayo. Nikajifunga leso kiunoni nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta kando ya njia, ameshika kifundo cha mguu, kabichi zimetapakaa. Gurudumu la mbele lilikuwa limezama kwenye vumbi likamtupa chini. Alitaka kueleza, nikamwambia anyamaze kwanza. Nikabonyeza valvu, upepo ukatoka mpaka mpira ukawa unabonyea kidogo kwa kidole gumba, kipimo alichonifundisha Jefwa. Nikaokota kabichi, nikazirudisha guniani.

"Panda nyuma," nikamwambia.

"Nibebwe na wewe, shemeji? Wazee wataniona."

"Basi tembea."

Alijaribu hatua mbili, akarudi akapanda, gunia amelipakata. Tukalipita lile vumbi polepole, na sikushusha mguu hata mara moja. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, na nilimkumbuka mume wangu.

Tulipoingia uani wazee wote walisimama. Kai alinitazama mimi, kisha akamtazama Charo, ambaye bado alikuwa amekumbatia kabichi.

"Charo, umeileta baiskeli?"

Charo aliinamisha kichwa.

"La, baba. Shemeji ndiye aliyeileta. Na mimi kanileta yeye."

Hakuna mzee aliyecheka, ingawa wawili walijifunika midomo. Kai alitusogelea. Aliishika baiskeli usukani, akaikokota taratibu kuvuka ua wote, akaja kuiegemeza kwenye mlango wangu wa jikoni.