Igawa, Dakika Hamsini

Kila Jumanne gari la viazi lilisimama Igawa dakika hamsini, na kila Jumanne Apolonia alizihesabu kwenye simu yake, akiwa ghalani Ipogolo, mjini Iringa. Kifaa kilichofungwa garini hakikuficha kitu: limetoka Uyole, limeteremka Chimala, limefika Igawa, limezimwa. Dakika hamsini! Hata chai ya moto hainywewi dakika hamsini.

Mizani nayo ilikuwa na lake la kusema. Tupokigwe, mtunza ghala wa Mbeya, ndiye aliyenunua viazi, akavichagua na kuvipakia, na kwenye hati ya mzigo aliandika kilo elfu sita. Vikifika Ipogolo vimepungua kilo arobaini, mara hamsini. Katikati ya maghala mawili alikuwapo mtu mmoja tu, dereva Lusekelo, Mnyakyusa wa makamo mwenye maneno ya kuhesabika. Sasa wewe ungemshuku nani, malaika?

Apolonia hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi. Kazi aliipanga ikapangika: oda ziingie Jumatatu, Mbeya wapakie, dereva asafirishe, yeye apokee, apime na kuwagawia wateja. Kila mmoja na kipande chake, kila mmoja na sahihi yake. Kupigiana simu na kuulizana habari za kazi aliona ni umbea wa mchana. Isitoshe, alizaliwa Idodi, kwenye joto na mpunga. Viazi mviringo alivijua vikishakuwa chipsi.

Na safari hii hakukuwa na nafasi ya kukosea. Mama Sabina, anayepikia wafanyakazi kule Mgololo, alikubali kuchukua tani sita kila wiki, mzigo wa kwanza ukimridhisha. Mwenye kampuni alishasema wazi kwamba mteja huyo akikosekana, ghala la Ipogolo linafungwa. Apolonia alikuwa amekaa pale miaka tisa.

Ndipo ikaingia picha. Aliituma Anord, wakala wa mchele Igawa, mtu asiyepitwa na jambo. Lusekelo kasimama nyuma ya gari, turubai limefunuliwa, anamkabidhi mama mmoja ndoo imejaa viazi pomoni. Lisemwalo lipo! Apolonia aliitazama picha ile mpaka chakula kikapoa, na kusema kweli, alifurahi. Mtu akishuku muda mrefu, ushahidi humlainisha moyo kama uji.

Alimwita Lusekelo ofisini, akamwekea simu mezani.

"Mzee Lusekelo, huyu ni nani?"

"Ni mimi, Mama Blessing," alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Na ndoo?"

"Ya yule mama. Anafuga nguruwe." Lusekelo alivua kofia. "Soma karatasi, mama. Nimeandika yote."

"Karatasi ndiyo inayokushtaki! Hii hapa, kilo arobaini na sita hazipo."

Mzee alivaa kofia yake. Kisha akaweka funguo za gari juu ya meza na kutoka. Hakubembeleza, na Apolonia akaona kutobembeleza kwenyewe ni dalili ya mwizi mzoefu.

Mzigo wa Mama Sabina akapewa Gideoni, kijana mwepesi wa kutii. Masharti yalikuwa mawili: turubai lipigwe lakiri Uyole, na lakiri hiyo isikatwe ila Ipogolo mbele yake mwenyewe, na Igawa asikanyage breki.

Alhamisi, gari likiwa linapakiwa, Tupokigwe alipiga simu.

"Dada, viazi vya leo vimechimbwa na mvua, vimelowa kabisa. Halafu naambiwa pale Igawa gari halisimami?"

Apolonia alisikia neno moja tu. Igawa! Huyu naye kaitaja mwenyewe. Kumbe wako wengi, kumbe kila Jumanne walikuwa wanagawana.

"Wewe pakia," alisema. "Ya barabarani niachie mimi." Akakata.

Gari likaondoka Ijumaa alfajiri kwenye ukungu na baridi ya Uyole, likateremka kwenye jua la Usangu, likapita Igawa bila kupunguza mwendo. Mbele, barabara ilikuwa inatengenezwa. Likakaa foleni mchana kutwa na kulala hapohapo. Apolonia aliifuata alama yake kwenye simu, ametulia kabisa.

Jumamosi saa nne likaingia Ipogolo. Mama Sabina alikuwa ameshafika na kanga yake begani.

"Kamwene, Dada Apolonia."

"Kamwene, mama. Karibu ushuhudie mwenyewe."

Gari zima likapandishwa mizani. Ukatolewa uzito wa gari lenyewe, zikabaki kilo elfu sita, haikupungua hata moja. Apolonia akacheka kwa sauti, akawageukia wapakuzi. "Mmeona? Siku zote nilikuwa nasema!"

Kisha lakiri ikakatwa, turubai likafunuliwa.

Mvuke ulitoka kwanza, halafu harufu. Mpakuzi aliyeshika gunia la juu aliliachia, mikono imejaa utelezi. La pili likawa hivyohivyo, la tatu likavuja maji meusi hadi kwenye viatu vya Mama Sabina. Mama wa watu hakugomba. Alijifunga kanga puani, akasema, "Dada, mimi nalisha watu," akaondoka zake.

Apolonia alirudi ofisini. Soma karatasi, mama. Alichomoa faili la hati za mizigo, akaitoa ile ya kilo arobaini na sita, na kwa mara ya kwanza akaigeuza.

Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya risasi, herufi kubwa za mtu aliyeishia la saba: *Igawa joto. Nimefungua turubai vipumue. Vilivyooza nimetoa kilo 46 visiambukize vingine. Kachukua mama wa nguruwe. Mwambie Tupokigwe asipakie vyenye maji.*

Akageuza nyingine, na nyingine. Miaka miwili ya Jumanne, kila moja na maneno yake. Akafika kwenye hati ya Gideoni. Nyuma yake palikuwa peupe.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alipiga simu bila kujua ataanzia wapi. Lusekelo akapokea mlio wa kwanza.

"Mama Blessing, habari za tangu juzi," alisema. "Tupokigwe kanipigia. Vile vya mvua vimefika salama?"