Kikengele Kilichopaa

Kabla ya sungura kuja, dunia ilikuwa na mpangilio wake. Kibarazani kwa Bibi Tereza, nje kidogo ya Mhunze, palikuwa na vigoda viwili: kimoja cha Bibi na kimoja cha Mageni. Akiwa bwenini shuleni, kuanzia uji wa asubuhi hadi sala ya jioni, Mageni alikuwa akikiwaza kigoda kile. Likizo ikifika alikikalia, akamenya karanga ubavuni mwa bibi yake, akapata habari za parokia kabla paroko mwenyewe hajazipata. Wajukuu walikuwa kumi na saba. Kigoda kilikuwa kimoja.

Jumatano akaja Loveness.

Loveness, binti wa baba mdogo wa Mageni aliyeishi Mwadui, alishuka kwenye bodaboda na begi, mwavuli na kikapu. Ndani ya kikapu alikaa sungura mweupe pee, mnono kama mweka hazina wa harambee. Shingoni alivaa mkanda mwekundu wenye vijiwe vya kumetameta na kikengele. Alikuwa na brashi yake, kamba yake ya kutembezewa, na kikoti cha baridi. Kikoti! Mageni alikuwa amemaliza muhula mzima bila sweta.

"Shikamoo Bibi. Huyu anaitwa Prinsi."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Tunampika lini?"

"Bibi jamani! Haliwi huyu. Ni wa kupendwa tu."

Mageni akasubiri kicheko. Katika boma lile, mnyama asiyetoa maziwa, yai wala mchuzi hakuwa na la kujitetea. Lakini Bibi alinyoosha kidole, akagusa kikengele. Njiri! Akakigusa tena. Uso wake ukalainika kama ugali uliozidi maji.

"Mweke hapa asichafuke," akasema, akaonyesha kigoda cha Mageni.

Wivu ulimwingia Mageni kama mchanga unavyoingia kwenye chakula siku ya upepo: kwanza chembe moja, kisha kila tonge. Siku tatu alikaa chini kwenye mkeka, akimenya karanga, akitazamana ana kwa ana na makalio ya sungura.

Sasa, Mageni naye alikuwa na mnyama wake. Kuku wa Bibi alitotoa vifaranga tisa. Mwewe alichukua watatu, nguchiro wanne, kicheche mmoja. Akabaki mmoja, ambaye Bibi alimkabidhi Mageni kwa maneno mawili: "Wako. Mlinde." Naye alimlinda kwa njia ya pale kijijini, ya kumpaka kifaranga dawa ya zambarau, ile ya vidonda vya mdomoni. Mwewe akichungulia kutoka juu anaona kitu asichokijua, na mwewe, kama watu wazima wengi, hali asichokijua. Kwa heshima ya rangi hiyo kifaranga aliitwa Askofu. Lakini manyoya mapya meupe yalikuwa yameanza kuota, na Bibi alishanunua chupa nyingine. "Rudia kumpaka wiki hii," alisema. "Mwewe hana likizo."

Jumapili Mageni akaumwa tumbo ghafla, tumbo la kistaarabu lililosubiri Bibi na Loveness wapotelee njiani kwenda misa. Kisha akaanza kazi.

Alimvua Prinsi mkanda. Akamsugua Askofu kwa sabuni na ndimu hadi zambarau iliyobaki ikawa kumbukumbu tu, akamkausha juani, akamvisha mkanda, ukamzunguka shingoni mara mbili. Askofu akatembea uani, njiri, njiri, kama anayeelekea ikulu. Kisha Mageni akafungua ile chupa na kummiminia Prinsi yote, masikio, mgongo hadi mkia. Prinsi hakupinga. Mageni alipomaliza, mbele yake lilikaa bilinganya lenye masikio.

Mpango ulikuwa mwepesi. Watarudi, watalicheka bilinganya, watamwona Askofu alivyong'aa, na kigoda kitarudi kwa mwenyewe.

Walirudi wakisindikizwa na katekista, mzee Bujiku, akikokota baiskeli. Loveness alisimama getini.

"Prinsi... Nani kamfanya hivi?"

"Mimi, dada," Mageni akasema kwa upole wa mtawa, mikono nyuma. "Nimemkinga na mwewe. Huku si Mwadui. Huku mweupe hafikishi Jumatatu."

Hakuna aliyecheka. Bibi aliinama, akamkagua sungura.

"Kweli kabisa," akasema. "Hata mimi nilitaka kusema. Na Askofu je, ulimrudia kumpa..."

Kivuli kikapita uani. Kilipita juu ya bilinganya, kikasita, kikaliacha. Katikati ya uwanja Askofu alikuwa akimeta kama kioo cha gari jipya. Vumbi likatimka mara moja. Halafu kikengele kikaanza kupanda: njiri, njiri, njiri, juu ya bati, juu ya mnyaa wa ua, hadi mbinguni. Mzee Bujiku, ambaye alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu na hakuona lolote, aliisikia kengele ikilia mawinguni. Akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba.

Loveness akaangua kilio. Hakuulizia mkanda. "Askofu wa watu jamani! Mdogo vile!" Alilia hadi kwikwi. Mageni alisimama macho makavu, na, Mungu amsamehe, alichokisikia kifuani ni wivu: hata kumlilia kifaranga wake mwenyewe alikuwa amewahiwa.

"Nionyeshe mikono," Bibi akasema.

Ilikuwa zambarau hadi viwiko.

"Wako ukamwosha, wa mwenzio ukampaka."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

Mageni alikuwa bingwa wa midahalo shuleni. Aliwahi kutetea hoja kwamba moto ni bora kuliko maji, akashinda. Sasa alipata maneno mawili tu. "Kigoda changu."

Bibi akakifuata kigoda kibarazani, akakung'uta vinyesi vya sungura, akakipeleka katikati ya uwanja, juani. Akaleta mfuniko wa sufuria na mwiko.

"Kigoda chako hicho. Kaa. Kivuli kikija, piga. Mpaka shule ifunguliwe."

Kwa hiyo Mageni akapata kigoda chake. Sungura alilala miguuni pake, mnyama maarufu kuliko wote Kishapu, na wapita njia walisimama kwa zamu.

"Mwangaluka!" walisalimu. "Huyo ni mnyama gani?"

"Sungura. Wa dada yangu."

"Mzuri huyo! Anaitwa nani?"

Hapo Mageni alitazama angani kwanza. Loveness alikuwa amembadilisha sungura jina tangu Jumapili ileile, kwa huzuni na kwa heshima, bila kumuuliza mtu.

"Askofu," akajibu, akaupiga mfuniko kwa nguvu, ingawa hakukuwa na kivuli chochote.