Saa ya Trizah

Maziwa yalitoka saa saba na dakika tano, nikiwa katikati ya bwawa, uso majini. Nilihisi joto dogo likisambaa ndani ya kostyumu, kisha baridi ikalifuta. Mstari mweusi wa vigae uliendelea kupita chini yangu kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna aliyeona.

Nilipogusa ukuta, Kochi Muiruri alikuwa amechuchumaa ukingoni, filimbi shingoni, patipati miguuni.

"Mbona umepunguza? Ulikuwa unaenda poa, katikati ukashikwa na nini?"

"Mguu, kochi. Ulikaza."

"Mguu wa nani? Yako nimeiona ikipiga yote miwili."

Nilivuta miwani machoni nikarudi majini kabla hajaniangalia sana. Huo wa mguu ulikuwa uongo mdogo, wa kutupa. Ule mwingine wa mwezi ule nimeubeba miaka mitano.

Saa saba ilikuwa saa ya Trizah, binti yangu. Alikuwa na miezi kumi na mmoja, nami nilikuwa msafishaji katika klabu moja ndogo yenye bwawa, mpakani mwa Kawangware, pale lami nzuri inapoanza na ua wa kayaba unaachwa ukue mrefu ili watu wasichungulie ndani. Asubuhi nilitoka nyumbani Gatwekera naye mgongoni, nikavuka Ngong Road, nikashuka hadi kwa Nzilani, mama aliyelea watoto sita wa watu katika chumba kimoja, nikamwacha hapo. Saa saba, wenzangu wakienda kutafuta chapati na maharagwe, mimi nilikimbia kwa Nzilani, dakika saba kwa miguu, nikifungua vifungo vya blauzi hata kabla sijakaa. Trizah alinyonya akinishika sikio. Watoto wengine hushika nywele, au kidole. Wangu alishika sikio, kwa nguvu, kama mtu anayeshikilia mlango usifungwe.

Kuogelea nilijifunza katika Mto Sio, upande wa Busia, nikiwa msichana. Pale tuliogelea vichwa juu, kwa sababu mbele yetu mtoni kulikuwa na ng'ombe wakinywa na kina mama wakifua, na hukutaka maji yale mdomoni. Basi siku moja pale klabuni brashi yangu ya kusugulia vigae ilinitoka mkononi ikazama upande wa kina kirefu, nami nikaruka na nguo zangu nikaifuata. Nilipotoka, Muiruri alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, anacheka.

"Phanice! Na hiyo ni style gani?"

"Ya nyumbani."

"Unaogelea kama mtu anatafuta network."

Nilicheka pia. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba mlinzi wa bwawa amepata kazi Ughaibuni na ataondoka baada ya wiki sita. Akaniuliza kama nina cheti cha fomu foo. Nilikuwa nacho. Nilikipata kwa masomo ya jioni, ngumbaru, kama majirani wa ploti walivyopenda kunitania, na mitihani ya mwisho niliifanya tumbo likigusa dawati.

"Basi umebakisha maji tu," akasema. "Urefu wa bwawa mara nane, freestyle, bila kushika ukuta, chini ya dakika tano. Ukitoboa, wewe ndiye lifeguard. Na kazi yenyewe ni ya kuandikwa, si hii yako ya ukigonjeka mop inashikwa na mwingine."

"Nitafanyia mazoezi saa ngapi, kochi?"

"Pool iko wazi saa saba mpaka saa nane. Asubuhi ni watoto wa shule, jioni ni members wenyewe. Ni hiyo ama hakuna."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisita. Nilijua saa ile ni ya nani. Nilisema, "Sawa," na nikakumbuka hata kusema asante.

Kostyumu niliipata soko la Toi, mtumba wa bluu uliopauka makalioni. Wiki ya kwanza urefu mmoja uliniacha nimeng'ang'ania ukuta, kifua kikipanda na kushuka, masikio yakilia. Nilidhani ni nguvu zimeniishia. Muiruri akasema nguvu ninazo za kubomoa nyumba. Tatizo ni hewa.

"Unaibeba. Ukiwa chini hutoi, ukikuja juu unataka kutoa na kuvuta kwa nafasi moja. Haitoshi. Toa ukiwa majini, yote. Ndio ukigeuka upate mahali pa kuweka ingine."

Ilikuwa rahisi kuelewa na ngumu kufanya. Mwili unakataa kuachilia pumzi mahali ambapo hakuna nyingine. Akanifundisha kulaza kichwa, macho kwenye vigae. Akanifundisha kugeuka na mwili mzima, bega na nyonga pamoja, jicho moja likibaki majini. "Lalia sikio," alikuwa anapiga kelele kutoka ukingoni, "lalia sikio lako kama mto wa kitanda!" Kiwiko juu, vidole chini, shika maji, yasukume mpaka pajani. Niliacha kukanyaga maji kwa magoti, nikapiga miguu kutoka nyongani. Urefu mmoja uliokuwa ukinigharimu mipigo ya mkono thelathini na mmoja ukashuka hadi ishirini na saba, kisha ishirini na nne. Nilianza kusikia kitu ambacho sikuwahi kusikia mtoni, ule utulivu wa sekunde moja baada ya mkono kuingia, mwili ukiteleza wenyewe. Nikawa ninausubiri tangu asubuhi, nikisugua vyoo.

Na kila saa saba na dakika tano maziwa yalitoka. Mwili wangu ulikuwa haujaambiwa.

Jioni Nzilani alinipa ripoti mlangoni, mtoto wa mtu mwingine ubavuni.

"Mama Trizah, huyu wako anajua saa kuliko mwalimu mkuu. Saa saba ikifika anatambaa mpaka hapa, anakaa. Uji hataki. Nikimwita ananiangalia kama mimi ndiye nimekuuza."

"Atazoea, auntie."

"Atazoea nini, na jioni unampa? Mwachishe tu. Alovera, siku mbili, kwisha. Wangu wanne niliwaachisha hivyo, na ona vile wananikalia kichwani."

"Mimi nataka aache ya mchana pekee. Usiku nitampa."

Nzilani alicheka mpaka mtoto wa ubavuni akaanza kucheka pia. "Mtoto hajui mchana, mama. Anajua nyonyo."

Nilisikia. Nataka ieleweke kwamba nilisikia.

Wiki ya nne, siku ya Jumatano, nilikwenda kwa Nzilani saa saba kamili. Mlangoni pake kulikuwa na alovera ndani ya mkebe wa rangi. Nilikata jani moja, nikajipaka ule ute wa kijani kwenye matiti yote mawili, nikabandika vipande vya plasta ili aone kwa macho yake kwamba kuna kitu. Kisha nikaingia. Trizah alinyanyua mikono. Alitambaa mbio, mbio kabisa, akicheka kwa sababu nilikuwa nimerudi, kwa sababu saa yake imerudi. Akanishika sikio, akaanza kunyonya.

Hakulia mara moja. Kwanza aliniachilia, akaniangalia usoni kwa makini, kama anahakikisha ni mimi. Uchungu ulikuwa unamtiririka kidevuni pamoja na mate. Nikamwonyesha plasta kwa kidole.

"Dudu," nikamwambia. "Nyonyo ina dudu. Ona? Dudu."

Ndipo akalia. Nzilani akamchukua, akaniambia niende, nisisimame pale kama nguzo. Nilikwenda. Nilikimbia, dakika tano badala ya saba. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, niliogelea urefu mara sita bila kushika ukuta. Pumzi ilitoka yote, ikaingia nyingine. Mikono ilikuwa myepesi. Muiruri alipiga filimbi kwa furaha, akasema, "Sasa umeelewa maji!" Miaka yote hii nimejaribu kukumbuka siku hiyo bila furaha ile ndani yake, nimeshindwa. Nilifurahi. Ladha ya alovera ilikuwa bado vidoleni mwangu, nami nilifurahi.

Jioni, Gatwekera, nilijiosha kwa sabuni mara mbili kabla ya kumkalisha mapajani. Nilibandua plasta. Nikafungua blauzi, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Njoo, mama. Imepona." Matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma.

Trizah alisogea. Akanyoosha kidole kimoja, akagusa, akakirudisha haraka. Kisha akasema, wazi, silabi zote mbili, kama mtu mzima:

"Dudu."

Lilikuwa neno lake la kwanza.

Kuta zetu ni mabati, na kule upande wa pili Mama Valentine alikuwa anakaanga omena. Mwiko ukanyamaza.

"Wee, Mama Trizah! Huyo ni Trizah ameongea? Amesema nini?"

Niliangalia kile kidole kidogo, kilichokunjwa sasa kifuani pake.

"Amesema mama," nikajibu.

Kelele aliyopiga Mama Valentine ilileta ploti nzima mlangoni. Mtu alipiga simu Athi River, ambako Mukhwana, babake Trizah, alikuwa kwenye kazi ya mjengo. Akaomba asikilizishwe. Trizah hakusema kitu. "Kwani baba ni ngumu?" Mukhwana akalalamika, na kila mtu akacheka, nami nikacheka nao, blauzi imefungwa, kifua kimelowa.

Hakunyonya tena. Nilijaribu usiku ule, na kesho yake, na Jumapili akiwa amesinzia nusu. Hata usingizini aligeuza uso. Baada ya siku kumi maziwa yalikauka, na ile saa saba na dakika tano ikapita majini kama dakika nyingine zozote.

Mtihani niliupita kwa dakika nne na sekunde arobaini na nane. Muiruri alinirushia taulo, akasema, "Network umepata!" Niliandikwa kazi. Leo ninakaa kwenye kile kiti kirefu cha lifeguard, na Jumamosi ninafundisha watu wazima wanaoanza. Walio wagumu zaidi ni wale wanaobana pumzi. Ninawaambia kile nilichoambiwa.

Na Trizah hakupata shida yoyote. Alikunywa uji, akanenepa, akatembea kwa wakati, hakulazwa hata siku moja. Mara nyingine nimetamani kungekuwa na kovu, kitu cha kupeleka kliniki nikiulizwa nieleze. Hakuna. Ni msichana wa miaka sita, gredi ya kwanza, meno mawili ya mbele hayapo, anaimba akiwa msalani. Watu wakiuliza neno lake la kwanza lilikuwa nini anajibu mwenyewe, kwa maringo, jinsi nilivyomfundisha.

Wiki iliyopita alirudi na karatasi ya shule, moja ya zile kazi ambazo mwalimu huandika juu, *mzazi amsaidie mtoto*. Mimi huzipenda. Nikiwa ngumbaru nilijiahidi kwamba siku mtoto wangu akileta kazi ya shule, hatanikuta nimekaa tu. Tulikaa kitandani, ubao wa kukatia sukuma wiki ukiwa meza. Swali la kwanza lilikuwa: *Neno langu la kwanza lilikuwa* — na mstari.

"Hii najua," Trizah akasema. Aliinama, akabana ulimi kwenye pengo la meno, akaandika M.

Nilitazama ile M. Ilikuwa kubwa, miguu yake imepanuka.

"Futa," nikasema.

"Kwa nini? M ni hivi."

"M iko sawa. Futa tu."

Alifuta. Nikavuta pumzi, na nikaona nimeibana.

"Ulisema dudu."

Aliniangalia, kisha akacheka mpaka akaanguka ubavu kitandani. "Dudu! Dudu gani?"

"Wa uongo."

"Wa uongo aje?"

Nikamwambia. Sikumwambia yote, maana maneno mengine ni makubwa kwa kichwa cha miaka sita. Nilimwambia kwamba zamani kulikuwa na saa moja mchana iliyokuwa yake ya kunyonya, na mimi niliitaka ile saa niende nikajifunze kuogelea, kwa hiyo nikapaka nyonyo dawa chungu, nikamwambia kuna dudu. Hakukuwa na dudu. Nilisema yote hayo nikiangalia karatasi.

Alikuwa ameketi sasa.

"Ukaogelea mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho, na kurudi. Mara nane."

"Nane tu?"

"Wakati huo nane ilikuwa nyingi."

Alilifikiria hilo. Aliniangalia kifuani, halafu usoni, kwa makini, na nikalijua jicho lile. Kisha akachukua penseli.

"Dudu inaandikwaje? D mbili?"

"D mbili. D-u, d-u."

Aliandika polepole, akipuliza vumbi la raba. Neno lilijaza mstari wote. Kisha akashuka hadi swali la pili, akalisoma kwa sauti, akifuata kila neno kwa kidole: *Nani alikufundisha neno hilo?*

Nilidhani ataniuliza. Hakuniuliza. Mkono wa kushoto ukapanda, bila yeye kuangalia, ukanishika sikio. Wa kulia ukaandika: *Mama*.